Ruzuku za biashara ndogo Kigoma: ziko wapi hasa, na kwa nini vikundi vyetu vinarudi mikono mitupu?

#1 Mise na Mawese

Habari wakuu.

Naleta swali na hoja kwa pamoja. Kuna kikundi cha akina mama 14, Kasulu vijijini, wanakamua mawese kwa kinu cha mkono. Kimesajiliwa halmashauri, kina katiba, kina akaunti, na akiba yao benki ni 3,200,000. Wanataka mashine ya kukamulia na tangi la kuchemshia chikichi. Kila ofisi wanayobisha hodi kuulizia ruzuku, wanaelekezwa kwenye mikopo.

Hoja yangu: huu mkoa una michikichi, dagaa na migebuka, chumvi ya Uvinza, kahawa, asali, chokaa ya Makere, lakini ruzuku ya mfanyabiashara mdogo haipo. Kilichopo ni mikopo inayotangazwa kwa lugha ya ruzuku. Mwenye ushahidi tofauti ataje mlango wenyewe, masharti, na pale watu wanapokwamia. Wa Tabora karibuni, hali zetu zinafanana.

#2 Afisa Mstaafu

Kwenye mifuko ya serikali uko sahihi kwa sehemu kubwa, na ni vizuri limesemwa wazi, maana watu wanaingia kwenye madeni bila kujua.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mkopo. Ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini unarudishwa. NEDF, mfuko wa wajasiriamali wa SIDO (shirika la viwanda vidogo), ni mkopo. Mfuko wa Maendeleo ya Vijana ni mkopo. Mfuko wa SELF ni mkopo. PASS hawakukopeshi kabisa, wanabeba sehemu ya dhamana ili benki ikukopeshe.

Ruzuku ya kweli, isiyorudishwa, inapatikana kwa njia nne ninazozijua. Kwanza Mfuko wa Misitu Tanzania, kwa miradi ya misitu na nyuki. Pili programu ya ruzuku ndogo ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) inayosimamiwa na UNDP, na inapokea asasi za kiraia na vikundi vya kijamii. Kampuni ya mtu binafsi haihusiki. Tatu miradi ya wahisani yenye muda maalumu, ile inayokuja kwa miaka minne au mitano na kuondoka. Nne mashindano ya wajasiriamali.

Kila mlango una aina yake ya mwombaji. Hapo ndipo wengi wanapokwamia: kikundi kinaomba penye kutaka kampuni, kampuni inaomba penye kutaka asasi. Andiko la mradi halisomwi hata ukurasa wa pili.

#3 Nyuki wa Sikonge

Asante mzee, umenirahisishia. Niongeze upande wa nyuki kwa sababu Tabora na Kigoma tumo pamoja.

Mfuko wa Misitu hutoa tangazo, una fomu yake, na hupanga maombi kwa makundi ya miradi midogo, ya kati na mikubwa. Kosa linalojirudia: watu wanaandika "tunaomba mizinga 200" na kuishia hapo. Msomaji wa andiko anataka kujua mizinga itatundikwa wapi, msitu ni wa nani, kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi au kibali cha kuingia hifadhini, nani atavuna, na kuna mavazi na vifukizo vya watu wangapi. Mizinga 200 yenye mavazi mawili ya kurinia haivuniki kwa wakati. Na kama andiko halijapitia kwa afisa nyuki wa wilaya, linaonekana limeandikwa mjini.

Halafu kuna BEVAC, mradi wa mnyororo wa thamani wa nyuki uliotiwa fedha na Umoja wa Ulaya, watekelezaji Enabel (shirika la maendeleo la Ubelgiji) na ITC (kituo cha biashara cha kimataifa), mikoa ya Kigoma, Tabora, Katavi, Shinyanga na Singida pamoja na Pemba. Huo ni mfano mzuri wa mlango wa tatu aliousema mzee. Miradi hiyo huangalia ubora kabla ya wingi. Asali ikivunwa kabla ya masega kuzibwa vizuri inabeba maji. Kiwango cha kimataifa ni unyevu usiozidi asilimia 20. Andiko linalotaja kipima unyevu kwenye bajeti, hata kimoja cha mkononi, linaonyesha mwombaji anaijua kazi yake.

#4 Kijana wa Mwanga

Mzee #2, hiyo ya asilimia 10 ni ya wenye miaka 18 hadi 35 tu na ilishasimamishwa na serikali. Kwa nini tunaitaja?

#5 Afisa Mstaafu

Kijana, ilisimama Aprili 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Umri wa kijana kwenye kanuni mpya umepandishwa hadi 45. Na Kigoma-Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio zilizopangiwa kutoa fedha hizo kupitia benki, pamoja na Dar es Salaam, Dodoma, Songea, Newala, Mbulu, Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Kwingine zinaendelea kupita halmashauri. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa Wezesha kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Naitaja kwa sababu wahisani wengi wanauliza kikundi kimewahi kukopa na kurejesha. Mkopo uliorejeshwa bila usumbufu ni ushahidi kuliko katiba yenye mihuri mitano.

#6 Kijana wa Mwanga

Nimeelewa mzee, ahsante.

#7 Hesabu Safi

Tuache majina ya mifuko kidogo, tuingie kwenye hesabu za hao akina mama wa #1, kwa sababu naona akiba ya 3,200,000 inatajwa kama nguvu, na kwa ruzuku nyingi haitoshi. Nitatumia bei za mfano.

Mashine 9,000,000, tangi 1,500,000. Jumla 10,500,000. VAT asilimia 18 ni 1,890,000, tunafika 12,390,000. Usafiri hadi kijijini 600,000. Msingi wa zege, nguzo na paa 1,410,000. Mradi ni 14,400,000.

Mfadhili akitaka mchango wa asilimia 25, wanatakiwa 3,600,000. Wamepungukiwa 400,000 tayari. Hiyo inazibika, maana wafadhili wengine wanakubali kiwanja na nguvukazi vihesabiwe, mradi kuna hati au muhtasari wa kijiji na thamani imeandikwa kwa bei ya kawaida ya eneo. Ukiandika kibarua 30,000 kwa siku mahali ambapo kila mtu anajua bei, umejiharibia ukurasa mzima.

Shida kubwa iko mbele. Ruzuku inabaki 10,800,000, na haitolewi yote kwa mkupuo. Tuseme asilimia 40, 40, 20, na ile 20 inatoka baada ya ripoti ya mwisho. Asilimia 20 ni 2,160,000. Nani analipa fedha hiyo kwa muuza mashine wakati mfadhili anasubiri ripoti? Kikundi. Na akiba imeshakwisha kwenye mchango. Hapo ndipo mashine inakaa stoo ya muuzaji miezi, kikundi kinaonekana kimeshindwa kutekeleza mradi.

Na katika yote hayo hatujanunua hata kilo moja ya chikichi. Mashine inayokula mzigo mkubwa kuliko kinu cha mkono inataka fedha ya kununua mzigo. Andiko lisilo na mstari wa mtaji wa kuanzia, au lisilosema mtaji huo utatoka wapi, ni la kukataliwa, na likikubaliwa ni hatari zaidi.

#8 Mama Ntilie wa Ujiji

Hesabu Safi, Mungu akubariki, hili la asilimia 20 ya mwisho halisemwi kwenye semina. Swali: VAT hiyo, mfadhili analipa?

#9 Hesabu Safi

Dada, soma mwongozo wa tangazo husika. Wapo wanaosema wazi kodi si gharama inayokubalika, na hapo 1,890,000 inahamia kwa kikundi. Ndiyo maana proforma (ankara ya makadirio kutoka kwa muuzaji) ionyeshe bei kabla ya VAT na baada yake, kwa mistari miwili. Proforma yenye bei moja tu inazua maswali. Ziwe tatu, kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, zenye TIN, tarehe na muda wa uhalali. Nyingi zinaishi siku 30, na uamuzi wa ruzuku unaweza kuchukua miezi, kwa hiyo weka tengo la dharura kama mwongozo unaruhusu.

#10 Fundi Vinu

Hesabu ni nzuri ila mimi naona ruzuku za mashine za mawese zinafia kwenye umeme kabla ya fedha.

Ile 27,000 ya kuunganishiwa umeme kijijini ni ya njia moja. Mota ya mashine ya kukamulia ya kilowati 7.5, yaani farasi 10, inataka umeme wa njia tatu. Kikundi kinaandika "umeme upo kijijini" kwa sababu taa zinawaka, mashine inafika, fundi anafungua boksi la mota anakuta nyaya tatu za moto zinahitajika na nguzo ina waya mmoja tu wa moto. Kuvuta njia tatu kutoka laini kubwa kunategemea umbali na kama transfoma inabeba. Kabla ya kuomba proforma nendeni TANESCO na eneo la kiwanda, mkaguliwe, mpate makadirio kwa maandishi. Karatasi hiyo iambatanishwe. Ikishindikana, andikeni injini ya dizeli na muweke mafuta kwenye gharama za uendeshaji.

La pili: mashine peke yake haitoi mafuta mazuri. Chikichi zikikaa siku kadhaa baada ya kuvunwa, hasa zilizopondeka, vimeng'enya vinavunja mafuta na asidi huru inapanda. Joto la kuchemsha ndilo linalozuia hilo. Biashara ya mawese ghafi huangalia asidi huru isiyozidi asilimia 5. Ikizidi hapo mnabaki na soko la sabuni, na bei inashuka. Kwa hiyo tangi la kuchemshia ndilo liwe kubwa kuliko mlivyofikiri, na mashine ndogo kuliko mlivyofikiri. Vikundi vingi vinafanya kinyume: mashine kubwa, tangi la pipa moja, chikichi zinapanga foleni zinaoza.

Kuni nazo. Makapi ya nyuzi na vifuu vya mise (kokwa za chikichi) ni kuni tosha ukijenga tanuri lenye chemba sahihi. Hilo likiandikwa vizuri linafungua mlango wa GEF aliousema #2, kwa sababu mnapunguza ukataji miti. Ila liwe kweli, si mapambo ya andiko. Mkaguzi akija akikuta rundo la miti mibichi mlangoni, imekula kwenu.

#11 Mise na Mawese

Fundi, umenishtua na hilo la tangi. Wao walipanga pipa mbili. Na sehemu waliyopewa na kijiji iko karibu na mto, walichagua hapo kwa ajili ya maji.

#12 Fundi Vinu

Karibu kiasi gani?

#13 Mise na Mawese

Kama mita 40.

#14 Sheria Kwanza

Hapo msimamishe kila kitu kwanza. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mfadhili makini atatuma mtu na GPS. Na maji machafu ya mawese ni mabaya kwa mto kuliko watu wanavyodhani: yana mafuta na mabaki ya tunda yanayomaliza hewa kwenye maji, samaki wanakufa. Ombeni kijiji kiwanja kingine, muhtasari wa halmashauri ya kijiji uandike ukubwa na mipaka, na mchore shimo la kutuamisha maji machafu kwenye ramani ya kiwanda. Maji safi yavutwe kwa bomba au yabebwe.

Nawashauri pia mwulizie NEMC (baraza la mazingira) mapema kuhusu usajili wa mradi, msisubiri muulizwe.

#15 Buhigwe Kwetu

Wakuu, mnazungumzia makaratasi kana kwamba ndiyo yanayotuzuia. Mimi nina maelezo mengine. Fedha za wahisani Kigoma zilifuata wakimbizi. Nyarugusu iko Kasulu, Nduta iko Kibondo, Mtendeli ilikuwa Kakonko hadi ilipofungwa 2021. Mpango wa Pamoja wa Umoja wa Mataifa wa Kigoma ulipoanza 2017 mkazo wake wa mwanzo ulikuwa wilaya zinazopokea wakimbizi na vijiji jirani. Kikundi cha Kasulu kina bahati ukilinganisha na cha Buhigwe au cha mwambao wa Uvinza kusini, ambako kufika ni kwa boti. Andiko liwe zuri namna gani, kama kijiji hakimo kwenye ramani ya mradi, halipiti.

#16 Hesabu Safi

Buhigwe Kwetu, ramani ni kweli. Lakini ndani ya ramani hiyo hiyo vikundi vingi vimekosa, na jirani zao wamepata. Ramani inaeleza kwa nini Buhigwe wamekosa, haielezi kwa nini Kasulu kumi wamekosa na mmoja akapata.

#17 Buhigwe Kwetu

Yule mmoja alipata kwa sababu shirika lilimkuta tayari. Alishapewa mafunzo na mradi uliotangulia. Fedha zinafuata majina yaliyomo kwenye orodha ya mradi wa jana. Kigoma, mradi wa kilimo wa Ubelgiji, SAKIRP, ulifanya kazi ya mihogo na maharage. Wakulima waliokuwemo mle wanajulikana kwa kila anayekuja baada yake. Mpya anaingiaje?

#18 Afisa Mstaafu

Hoja hiyo ina ukweli, na inaleta jibu la vitendo. Kikundi kipya kiombe kuingizwa kwenye orodha kabla ya tangazo. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii na afisa kilimo wa kata, muulize kijiji kimo kwenye mradi gani wa sasa, nani ni mratibu wake wilayani. Halafu Kihinga: kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) kinachozalisha mbegu za michikichi aina ya Tenera. Vikundi vyenye mashamba ya Tenera wanajulikana pale, na miradi ya michikichi hupita pale. Tenera ina nyama nyingi na kifuu chembamba kuliko Dura ya zamani, kwa hiyo mashine ile ile inatoa mafuta zaidi kwa mzigo ule ule. Andiko la mashine linalosema chikichi zitatoka kwenye ekari ngapi za Tenera na ngapi za Dura, zina umri gani, lina uzito. Kwa nafasi ya mita 9 za pembetatu ni miche 143 kwa hekta, kama 58 kwa ekari. Mkaguzi atapiga hesabu hiyo mwenyewe, msimdanganye.

#19 Kibirizi Mwaloni

Nami nitie neno la ziwani. FISH4ACP, mradi wa FAO kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Ujerumani, ulichagua dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika kwa upande wa Tanzania. Watu walisikia "mradi wa Ulaya" wakaandaa akaunti kupokea fedha. Misaada ya namna hii mara nyingi inakuja kama vifaa, chanja za kuanikia, mafunzo. Ukiandika bajeti ya fedha taslimu penye mlango wa vifaa unaachwa.

Na andiko la dagaa lisilo na kalenda ya kufunga ziwa ni la kutupa. 2024 ziwa lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna mzigo mpya. Mtu anaandika mauzo ya miezi 12 sawasawa, mkaguzi anajua papo hapo kwamba hesabu zimetungwa. Onyesha akiba ya dagaa mkavu uliohifadhiwa, au shughuli mbadala. Dagaa wa kwenye chanja, asiye na mchanga, anakaa na bei yake. Wa kuanikwa chini anashuka bei mvua ya kwanza.

#20 Mnyamwezi Halisi

Watani wangu wa mwisho wa reli, mnalia wakati mnazungukwa na mashirika. Sisi huku Kaliua na Urambo tumebaki na tumbaku na vyama vyetu vya msingi. Tugawieni hata shirika moja.

#21 Kibirizi Mwaloni

Mtani, leteni asali tuwape dagaa, mashirika baadaye.

#22 Mnyamwezi Halisi

Asali ipo, barabara ndiyo ya kuulizia.

Kwa uzito sasa: huku kwetu kinachofanya kazi zaidi ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Kila kitu kinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, tangu 2023. Kikundi cha kushona kinashona sare, cha useremala kinatengeneza madawati. Fedha haina ripoti ya mhisani, haina mchango wa asilimia 25. Naona ruzuku inawapotezea watu muda mwingi.

#23 Hesabu Safi

Zabuni unalipwa baada ya kupeleka mzigo, na malipo yanaweza kuchelewa. Kikundi chenye 3,200,000 kikinunua mbao za madawati 100 kinasubiri malipo na mfuko mtupu. Ni shida ile ile ya asilimia 20 ya mwisho, safari hii ni asilimia 100. Sikatai, lakini si rahisi kuliko ruzuku.

#24 Mnyamwezi Halisi

Ndiyo maana unaanza na zabuni ndogo. Ila nakubali, mtaji wa kusubiri ndio unaowamaliza.

#25 Mtafuta Fursa

Kwa mtu mmoja mmoja, siyo kikundi: Tony Elumelu Foundation. Dola 5,000 zisizorudishwa, biashara iwe haijazidi miaka mitano, maombi kwa kawaida hufunguliwa 1 Januari na kufungwa 1 Machi kila mwaka kwenye TEFConnect. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa, Kireno au Kiarabu. Kuna mafunzo ya mtandaoni lazima uyamalize. Wengi wanachujwa hapo, kwa bando na intaneti ya huku. Pakua masomo usiku, jibu maswali mapema, usisubiri siku za mwisho mfumo unapolemewa. Mama mmoja katika wale 14 anaweza kuomba kwa biashara yake mwenyewe ya sabuni ya mise, lakini asiandike mali za kikundi kama zake.

Kubwa zaidi ni AECF, mfuko wa ruzuku za kampuni za Afrika, ila hiyo ni ya kampuni zenye hesabu na uwezo wa kuweka mchango wao. Vikundi msipoteze wiki huko.

#26 Sheria Kwanza

Hapo kwenye sabuni: mtu akitaka nembo ya ubora aende SIDO mkoa apate barua ya utambulisho, aipeleke TBS (shirika la viwango). Mjasiriamali mdogo mwaka wa kwanza halipii.

#27 Mama Ntilie wa Ujiji

Na mawese ya kula tunapeleka TFDA?

#28 Sheria Kwanza

Hapana dada. Tangu 2019 masuala ya chakula yalihamia TBS. TFDA ikawa TMDA, dawa na vifaa tiba. Andiko likiandikwa "tutasajili TFDA" linajionyesha limenakiliwa kutoka la zamani.

#29 Chokaa Makere

Wachimbaji wadogo msitusahau. Kulikuwa na ruzuku za wachimbaji kupitia mradi wa SMMRP wa Benki ya Dunia na serikali. Zilisimama baada ya kubainika baadhi ya waliopewa walitumia fedha kinyume na mikataba. Tangu hapo anayechimba chokaa, chumvi au dhahabu anaulizwa maswali mara mbili ya mkulima. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko ramani ya wakimbizi: waliotutangulia walikula, tunalipa sisi.

#30 Buhigwe Kwetu

Hiyo ya madini ilikuwa nchi nzima, haielezi Kigoma.

#31 Chokaa Makere

Haielezi Kigoma yote, inaeleza sisi wa mawe.

#32 Kijana wa Mwanga

Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp, "Ruzuku ya Rais kwa wajasiriamali wa Kigoma, milioni 5, lipia fomu 15,000". Ni ya kweli?

#33 Afisa Mstaafu

Utapeli. Fomu ya ruzuku hailipiwi. Usajili wa TIN nao ni bure. Ujumbe wa simu wa namna hiyo tuma namba iliyoutuma kwenda 15040. Ukitaka kujua kama mfuko fulani wa serikali upo, uliza Baraza la Taifa la Uwezeshaji, NEEC, ndilo linaloratibu mifuko yote, au dawati la biashara la halmashauri.

Na mjue pia milango mingine imefungwa moja kwa moja. USAID ilifunga shughuli zake Julai 2025. Bado kuna watu wanauza "mwongozo wa kupata fedha za USAID" kwa shilingi 10,000.

#34 Mise na Mawese

Nimesoma yote. Wakuu, mmenibadilisha kwenye hoja ya kwanza, ruzuku zipo, ila sijaona mtu aliyenionyesha mlango ambao kikundi cha 14 chenye milioni tatu kinaingia bila kuvunjika. Hesabu Safi, ungekuwa wewe ungeanzia wapi?

#35 Hesabu Safi

Ningegawa mradi. Awamu ya kwanza tangi na tanuri tu, kwa akiba na mkopo mdogo wa asilimia 10. Mnaendelea na kinu cha mkono. Mnaandika kila siku kilo za chikichi zilizoingia, lita zilizotoka, kuni, mauzo. Baada ya msimu mmoja mna daftari, na ruzuku ya mashine mnaiomba kwa takwimu zenu.

#36 Fundi Vinu

Hapo nakubaliana kwa kila neno. Tanuri kwanza.

#37 Buhigwe Kwetu

Na msimu huo mmoja mradi unakuwa umeshafunga pazia. Mimi ningeomba sasa, kwa jina la kikundi, hata kwa andiko la kurasa mbili, ili jina liingie kwenye orodha.

#38 Afisa Mstaafu

Fanyeni yote mawili. Lakini kabla ya karatasi yoyote kutoka, hameni kwenye ule mto, mpate muhtasari mpya wa kijiji.

#39 Mise na Mawese

Mkutano wa kijiji upo mwezi ujao, tumeomba agenda. Swali moja dogo: mweka hazina aliolewa akahamia Uvira, saini yake bado iko benki. Tunaanza na nini?

#40 Sheria Kwanza

Mkutano wa kikundi, akidi kwa mujibu wa katiba, muhtasari wa kumwondoa na kumchagua mpya, saini za wanachama waliohudhuria. Nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata agonge muhuri, kisha benki na vitambulisho vya NIDA vya watia saini wote wapya. Fanyeni kabla ya kuomba chochote. Mfadhili akikuta watia saini wa benki si viongozi wa sasa, anasimamisha malipo hata kama mkataba umeshasainiwa.

#41 Mama Ntilie wa Ujiji

Na kama alihama na kitabu cha benki?

#42 Sheria Kwanza

Ripoti ya polisi ya kupotelewa, barua ya kikundi, benki itoe kingine. Ombeni na stetimenti ya miezi 12 siku hiyo hiyo, mtaihitaji.